Mashati Yaliyofumuka Mstarini

Kila alipotoka shule, Kidosho alivua viatu, akanywa maji, akaketi kwenye cherehani ya pili. Ya kwanza ilikuwa ya mama yake, fundi wa sare. Binti huyo alijua kuunga mikono ya shati kabla hajajua kugawanya desimali.

Mwaka huo mambo yalikwenda mrama. Kiwanda kikubwa kilianza kuuza sare kwa bei ya kutupa, wateja wakahamia huko. Ikabaki shule moja tu, ile aliyosoma Kidosho.

"Mama, kwa nini na sisi tusipunguze bei?"

"Wao wananunua kitambaa kwa malori, mwanangu. Mimi nanunua kwa mita. Nikipunguza, tutakula uzi."

Siku moja mama alikwenda kumuuguza bibi, na mashati yalikuwa yamerundikana. Kidosho akajiambia, "Kiwanda kinatushinda kwa kasi. Leo na mimi ni kiwanda!" Akarefusha mishono, akaacha kufunga ncha za uzi. Cherehani ikaruka kama swala. Mama aliporudi alifurahi mno, akapiga pasi bila kukagua.

"Umenifaa, mama'ngu wee!"

Sare zikagawiwa. Asubuhi iliyofuata, mwalimu wa michezo aliamuru, "Mikono juu!" Kwapa la kwanza likaachia: trrr! Likafuata la pili, kisha mstari mzima.

"Shati langu linacheka!" alipiga kelele mtoto mmoja.

Kidosho alibaki mikono juu. Kuishusha hakuweza. Mama yake akaitwa kutoka nyumbani, akasimama mbele ya mwalimu mkuu na shati lililofumuka mkononi. Ndipo miguu ya Kidosho ikamsogeza.

"Ni mimi, Mwalimu. Nilitaka tumalize haraka."

Mama hakumgombeza. Walikusanya mashati yote, wakafumua, wakashona upya, mishono midogo midogo, hadi vidole vikafa ganzi. Mwalimu mkuu alivuta kila kwapa kwa nguvu. Hakuna lililoachia.

"Mwaka huu nitabaki nanyi," alisema. "Mwakani siahidi."

Njiani Kidosho alilia. "Mama, tutawezana na kiwanda kweli?"

"Sijui, mwanangu. Kwa bei wanatushinda, kwa mashine wanatushinda. Tulichonacho ni mshono usioachia. Kazi ya uaminifu haituhakikishii mteja, lakini tukiitupa hiyo, hata huyu mmoja hatarudi."