Kimya cha Ingrid

Soko la Minneapolis Jumamosi ile lilijaa hadi watu wanakanyagana. Ingrid Solheim, meneja wa hoteli kubwa mjini, koti jekundu la sufu limemkaa sawasawa, alimgonga mwanamume mrefu aliyebeba kikapu. Matufaha yakatawanyika.

"Samahani kaka! Mbona sura yako kama naifahamu?"

"Lazima, bosi. Mwaka wa tatu huu natandika vitanda hotelini kwako."

Ingrid aliona aibu mpaka masikio yakamwaka moto. "Unaitwa nani?"

"Odell. Usijali, hata kivuli changu hunisahau."

Wakacheka, wakaokota matufaha pamoja. Theluji ilipoanza kuanguka walikuwa wapenzi, ila kwa siri. Ingrid alichelea midomo ya watu.

Asubuhi moja moshi ulijaa ghorofa za juu za hoteli. Odell alipanda ngazi mbio, akambeba mgongoni bibi mmoja asiyeweza kutembea, akamshusha huku akikohoa vibaya. Trent wa mapokezi, mtu wa maneno mengi, alimpokea bibi mlangoni, mbele ya kamera za waandishi wa habari.

Mchana mwenye hoteli aliwakusanya wote. "Shujaa wetu nani?"

"Mimi hapa!" Trent alidakia.

Odell alisimama nyuma kabisa, sare yake ikinuka moshi. Ingrid alikuwa amemwona akipanda zile ngazi. Lakini akawaza, nikimtaja watasema nampendelea bwana wangu. Akampigia Trent makofi.

Jioni alimpigia simu Odell.

"Mpenzi, nielewe. Ningesema, wangejua..."

"Wangejua nini? Kwamba unanipenda? Ndiyo aibu hiyo?"

"Kesho nitasema, naapa!"

"Sikutaka makofi, Ingrid. Sokoni hukunijua, nikacheka. Leo ulinijua."

Simu ikakatika.

Kesho yake Ingrid alisimama mbele ya wafanyakazi wote akasema kila kitu, hata mapenzi yao. Walishangilia, wengine wakapiga miluzi. Trent aliinamisha kichwa. Odell hakuwepo.

Ingrid alimkuta kituo cha basi, begi begani, anakwenda mji wa Duluth kwa kaka yake.

"Nimewaambia wote, Odell. Hata kuhusu sisi."

"Nimesikia, wamenipigia simu." Alimfuta machozi kwa kiganja. "Asante, kipenzi."

"Basi twende nyumbani. Nisamehe."

"Nimekusamehe. Kubaki ndiyo siwezi. Nitakuwa kila siku najiuliza leo utaniona au hutaniona."

Akambusu kwenye paji la uso, akapanda. Basi likaondoka.

Simu ya Ingrid ikalia. Walikuwa wanauliza hotelini, nani atashika zamu ya Odell? Alilitazama basi likiishia kwenye kona, simu ikiwa bado sikioni.