Mama Hapiti Njia ya Nyuma

Kila alipotoka shule, Dorine aliweka madaftari kitandani, akavua sare, akachukua ndoo na kwenda bombani. Aliporudi alibandika maharage jikoni, kisha akafagia kibaraza ambapo mama yake, Lidwina, alishonea nguo. Waliishi wawili tu, mtaa wa Lizaboni mjini Songea, kwani baba yake alikwisha kufariki.

Zamani wateja walisubiri zamu kibarazani hapo. Halafu serikali ikaruhusu biashara huria, mitumba ikajaa sokoni, na gauni zima likauzwa kwa bei ndogo kuliko ya kushonesha. Cherehani ikawa inashinda imefunikwa. Lidwina akaanza kwenda kilabuni kunywa komoni, pombe ya kienyeji, ili kupoteza muda, mwanzoni mara moja moja, mwishowe kila siku.

Dorine alipokuwa darasa la sita, alijiandaa kupokea Kipaimara. Mama yake aliahidi kumshonea gauni jeupe. Siku ilipofika kitambaa kilikuwa hakijakatwa, na mama amelala sakafuni, hajitambui. Dorine alikwenda kanisani na gauni la kuazima lililoburuzika chini. Hakulia. Aliporudi alikaa karibu na mama yake mpaka alipoamka, akamwambia, "Leo nimesimama mbele ya Askofu bila wewe."

Asubuhi iliyofuata Lidwina alisema, "Nataka kuacha, mwanangu. Nimejaribu peke yangu, nimeshindwa."

Walikwenda zahanati. Muuguzi aliyeitwa Notburga alimpima, akampa dawa na kumtaka arudi kila asubuhi wiki ile, maana mtu aliyezoea sana pombe akiiacha ghafla anaweza kuugua vibaya. Kisha akawaeleza kwamba upande wa Bombambili wapo watu walioacha pombe, nao hukutana kila Jumamosi kusaidiana. Nyumba yenyewe hakuijua.

Jumamosi mama na binti walizunguka wakiuliza. Mwenye duka mmoja alicheka, akasema mlevi wa kuacha pombe hajawahi kumwona. Lidwina alimshukuru, akaenda kuuliza duka la pili. Hatimaye muuza dagaa aliwaonyesha karakana ya seremala, Mzee Otto.

Ndani watu walikaa kwenye mabenchi katikati ya mbao. Mzee Otto alisimama, akataja jina lake, akasema pombe ilimvunjia ndoa na kwamba hata leo bado huitamani. Wengine nao walisema yao. Hakuna aliyecheka wala kuhubiri. Ndugu waliruhusiwa kukaa na mtu wao, kwa hiyo Dorine alikaa. Ilipofika zamu ya Lidwina alitaja jina lake tu, akaketi. Wakamwambia inatosha.

Njia ya karakanani ilipita mbele ya kilabu. Wanywaji walimwita fundi Lidwina, wakisema kiti chake kipo. Dorine aliona aibu, akashauri wapite nyuma, mashambani.

"Hapana," mama alisema. "Nilipokuwa nayumba nilipita hapa, watu wote wakinitazama. Leo natembea wima, halafu nijifiche?"

Dorine alimfuata njia ileile. Lakini shuleni alimwambia rafiki yake, Jane, kwamba Jumamosi mama yake huenda kwenye mkutano wa mafundi cherehani.

Baada ya mavuno kulikuwa na harusi kwa jirani, na huko Lidwina alinywa tena. Dorine alikasirika sana. Jumamosi ilipofika alisema haendi popote, na mama naye asiende, kwa sababu watu watamcheka.

"Wacheke," Lidwina alijibu. Akajifunga kitenge, akatoka.

Dorine alimfuata kwa mbali. Habari za harusi zilikwisha kuenea, na kelele za kilabuni siku hiyo zilizidi za siku zote. Mnywaji mmoja, Valence, alitoka na kata iliyojaa komoni, akasimama katikati ya njia.

"Nipishe, Valence," Lidwina alisema. "Nimechelewa."

Valence hakusogea. Dorine alikimbia, akamshika mama yake mkono. Hapo ndipo alipomwona Jane kando ya njia, amebeba ndoo ya maji. Jane aliuliza polepole kama wanakwenda kwenye mkutano wa mafundi.

"Nilikudanganya," Dorine alisema, kwa sauti iliyofika mpaka ndani ya kilabu. "Mama yangu anaacha pombe. Tunakwenda kwa wenzake."

Kelele zikapungua. Valence alishusha kata, akakaa pembeni.

Karakanani Lidwina alieleza alivyoanguka. Hakuna aliyemfukuza. Mzee Otto alisogea kumpa nafasi kwenye benchi, wakaanza upya.

Hakunywa tena mwaka ule, wala uliofuata. Mitumba nayo akaigeuza kazi: watu walimletea suruali za kupunguza na magauni ya kubana, na jioni Dorine alimsaidia kushona vifungo.

Jumamosi moja mwanamke mgeni alisimama nje ya karakana, amejifunika khanga usoni. Lidwina na Dorine walimfuata. Mwanamke alinong'ona kwamba anaogopa kuonekana akiingia.

"Mimi nimechekwa njia nzima," Lidwina alisema. "Kicheko hakijaniua, dada yangu. Pombe ilikuwa inaniua. Hata huyu binti yangu alinificha, na siku alipoacha kunificha ndipo nilipopata nguvu. Kuugua si aibu. Ugonjwa unaofichwa ndio usiopona."

Mwanamke yule alishusha khanga usoni, akaingia.