Sanduku la Chini Kabisa

Cheka tu. Cheka mpaka chai ikupalie. Ati majini ni ya Mombasa, ati huku Bungoma kuna mahindi na makanisa peke yake. Nani alikuambia jini huuliza njia ya kwenda pwani? Weka kikombe chini, mjukuu, na usinikatize. Wewe umesoma mpaka ukavaa miwani, mimi niliachia darasa la saba, lakini siku ile Kitale nilikuwepo na wewe hukuwepo.

Tonny, mtoto wa ndugu yangu Wekoye, alikuwa anafuga nyoka. Kibali cha serikali alikuwa nacho, na aliwapeleka mashuleni watoto wawaone. Alikaa Tuwan na mke wake Gathoni, binti wa Wakikuyu wa huko huko Kitale, na katoto kao kamoja, Nasambu. Jina hilo lilikuwa la mama yetu, mimi na Wekoye. Kwa hivyo Wekoye hakuwahi kumwita yule mtoto kwa jina. Alimwita "mama", na mtoto akazoea kuitika hivyo. Wewe unaweza kumwita mama yako jina? Basi hilo lishike.

Wekoye akafa, tukamzika Bumula. Kwetu kitu cha marehemu hakitoki bomani kabla watu hawajanyolewa. Mpaka wembe upite, nyumba ya mfu iko wazi, na chochote kinachozurura kinaweza kuingia kikalala. Tonny hakungoja. Nyoka wake walikuwa wamebaki kwa mabeseni na magunia, na kitanda cha baba yake kilikuwa cha mti wa Elgon, mbao inayorudisha msumari. Akakifungua, akakipakia kwa pikapu.

"Tonny, hujanyolewa," nikamwambia.

"Senge, nyoka hawajui matanga."

Senge ndiyo shangazi. Aliniita kwa heshima, halafu akanipuuza kwa heshima hiyo hiyo.

Kule Kitale akaunda masanduku manne ya nyoka, moja juu ya lingine. Fundi alikuwa fundi, siwezi kumnyima. Kila sanduku lilikuwa na mlango wa kioo mbele, matundu nyuma, na balbu ya kuleta joto, imezungushiwa waya nyoka asijichome. Kati ya sanduku na sanduku aliacha nafasi ya kidole, hewa ipite. Matatu ya juu yalikuwa ya mbao hafifu. La chini kabisa, lile linabeba yote, lilikuwa kitanda cha Wekoye. Hilo aliliacha tupu, bila balbu, akingojea chatu wake mkubwa amalize kujivua ngozi ndiyo ahamie. Akalipiga kufuli ili mtoto asije akaingiza mkono.

Asubuhi moja Gathoni alikuwa anafagia, akaona kioo cha sanduku la chini kimetoa jasho. Akalipangusa kwa kitambaa. Halikutoka. Jasho lilikuwa upande wa ndani.

"Baba Nasambu, huku chini uliweka nini?"

"Sijaweka kitu."

"Sasa mbona kinapumua?"

"Ni unyevu, bana. Mbao inakauka."

"Kitanda cha mzee ndio kinakauka leo?"

Tonny akacheka, kama wewe vile.

Halafu nyoka wakakataa kula. Chatu aliyekuwa juu ya lile sanduku hakugusa sakafu tena; alijining'iniza kwa tawi lake kutwa, kama mtu amepandisha miguu kwa kiti kwa sababu ya panya. Wale wengine walisukuma pua zao kwa pembe ya juu mpaka zikatoka damu. Harufu ya tumbako ya Wekoye ikaingia nyumbani, na chini ya hiyo tumbako kulikuwa na harufu nyingine, ya matope ya kisima kilichofukiwa. Mchana, redio ikizimwa, mtu alikohoa. Kikohozi cha Wekoye.

Na Nasambu akaanza kubeba ugali wake na kwenda kuketi mbele ya kioo.

"Unaongea na nani?" mama yake akamuuliza.

"Na kuka. Anasikia baridi. Anataka tulale."

Kuka ndiye babu. Gathoni hakungoja mume. Akanipigia simu, akinong'ona, "Senge, njoo. Najua watu watasema ni mimi mgeni nimeleta haya. Wacha waseme. Wewe njoo tu, kuna kitu kinataka mtoto wangu."

Nilifika saa ya chakula, mvua ikijikusanya. Nilimkuta Gathoni kwa mlango, miguu mitupu, anauliza kama nimepishana na mtoto njiani. Na kabla sijamjibu stima ikapotea, balbu za nyoka zikazima zote, giza la mvua likaingia ndani, na Tonny ambaye alikuwa ameinama pale kwenye masanduku akatoa sauti ambayo sijawahi kusikia mwanaume akiitoa, maana kufuli lilikuwa limefungwa vilevile, na ufunguo ulikuwa shingoni kwake, na ndani ya kile kioo chenye jasho kiganja kidogo kilikuwa kimejibandika, na juu yake kiganja kingine, kirefu, vidole vyake vimekizunguka chote kama mtu ameshika yai.

Ufunguo ulikataa kuzunguka. Gathoni akapiga kioo kwa nyundo, nyundo ikaruka kama imepiga mpira. Na ndani mle Wekoye akakohoa, akasema polepole:

"Niachieni Nasambu. Kuna baridi."

"Baba!" Tonny akapiga magoti. "Baba, nisamehe!"

"Nyamaza!" nikamwambia. "Huyo si baba yako. Ndugu yangu alikufa bila kumwita mama yake kwa jina hata siku moja. Hiki ni kitu kilikuta kitanda wazi kikajilaza. Leta kichwa hapa."

"Senge, mtoto..."

"Kichwa!"

Nilikuwa nimekuja na wembe kwa leso. Nilimnyoa pale pale sakafuni, bila maji, bila sabuni, damu ikimshuka masikioni, huku sanduku likigonga na nyoka juu wakijipiga kwa vioo, na kila nywele zikianguka ile sauti ilizidi kupungua, ikawa ya mzee, ikawa ya mwanamke, ikawa ya mbuzi, ikawa si ya kitu. Nilipomaliza kisogo, kufuli likafunguka lenyewe.

Tukamtoa Nasambu. Alikuwa amelala, baridi kama samaki. Tukayapangua masanduku, zile mbao za kitanda tukazichoma mvua ilipokatika. Kufika jioni chatu alishuka kwenye tawi akala. Gathoni aliimba. Tonny alilia.

Nikamwinamia mtoto, aliyekuwa ameamka akasimama dirishani, amenipa mgongo. Nikamwita, "Mama."

Hakugeuka.

"Mama."

Nikaita, "Nasambu." Akageuka haraka, akatabasamu. Nyuma yake kioo cha dirisha kilikuwa kimetoa jasho.

Nikamwambia Gathoni, huyu aje akae na mimi Kanduyi. Aliniangalia macho. Alienda kumfungia nguo.

Mbona umeacha kucheka? Ndiyo, ni huyo huyo, yuko chumba cha pili. Amekuwa msichana mkubwa, anachota maji, anaimba kanisani. Namnyoa kila mwezi na watu wananiita mchawi. Nywele zikipita urefu wa ukucha, ndipo kile kitu kinaanza. Umesikia? Hapana, hajashikwa na homa. Hicho ni kikohozi cha ndugu yangu.

Wembe wangu huu hapa. Kaa hapo hapo. Tangu uzaliwe mimi sijakuita jina, nakuita mjukuu. Sasa ukisikia sauti yangu inakuita kwa jina lako, hata ikilia, hata ikisema inasikia baridi, usiitike na usifungue.

Kunywa chai. Mlango naufunga mwenyewe.