Shimo Katikati ya Wimbo

Hebu fumbeni macho kidogo, muone chumba kimoja cha mtaa wa Katuba, Lubumbashi, saa nne za asubuhi. Madirisha yamezibwa kwa magodoro ya zamani ili kelele za barabarani zisiingie. Ndani yumo dada mmoja, Bijou, mwimbaji wa orkesta, amevaa vipokea sauti masikioni. Anaimba. Anafika katikati ya wimbo, mahali pa kunyamaza, na hapo, karibu kabisa na sikio lake, mtu anavuta pumzi.

Ni pumzi ya mtu anayetaka kuimba.

Bijou aligeuka. Hakuona mtu ila Rigobert, mkuu wa orkesta, nyuma ya kompyuta, amevaa miwani myeusi ndani ya chumba chenye giza, akitafuna karanga. Chumba kilinuka udongo mbichi, kama shimo lililochimbwa leo.

"Papa Rigobert," alinong'ona, "umesikia?"

"Nimesikia wimbo yetu. Iko muzuri sana. Endelea."

Wimbo wao! Haukuwa wao. Miaka kumi iliyopita kila redio ya Lubumbashi iliupiga, na kila mtu alijua mtunzi wake ni Lombe, mchimbaji madini wa Kipushi, ambaye sasa ni marehemu. Rigobert aliuongezea ngoma, akaondoa neno "mwanangu", akaweka "chérie", yaani mpenzi, na kazi yake yote ya utunzi ikaishia hapo. Mama Kapinga, mjane wa Lombe, alipokuja na daftari lenye mwandiko wa mumewe, hakupewa hata kiti.

"Mama, notes ya muziki iko saba tu mu dunia," Rigobert alimwambia. "Nyimbo yote inafanana. Na bantu bakiisha kufa hawapigake signature."

Orkesta nzima ilicheka. Bijou naye alicheka, kidogo, akitazama viatu vyake. Mwizi wa kuku naye husema kuku wote wana miguu miwili.

Katika wimbo wa Lombe, mahali pale pa kunyamaza palikuwa na jina la mtu. Rigobert alilifuta, akaacha pengo la kutupia libanga, yaani kumtaja mkubwa fulani ili avimbe kichwa. Akamtaja Mumbere, mwenye malori ya kwenda Mokambo. Walipousikiliza wimbo waliorekodi, jina la Mumbere halikuwamo. Sauti nzito ya mwanaume, iliyotoka chini sana, ilisema: "Bijou."

"Ni mashini," alisema Rigobert, lakini karanga ilimkwama. "Courant ya umeme inarukaruka."

Rigobert aliusambaza wimbo hivyo hivyo katika simu za watu, na tangu siku ile, kila ulipopigwa, Bijou alipungukiwa na sauti. Kwanza zilimpotea sauti za juu. Kesho yake alishindwa kumwita muuza mikate aliyekuwa ng'ambo ya barabara. Siku ya tatu, mchana kweupe, akiwa uani anachambua mboga, simu ya jirani ilianza kuupiga wimbo, naye akaisikia pumzi ile ile ikivutwa, safari hii ndani ya kifua chake mwenyewe, na harufu ya udongo ikampanda kooni, na sauti yake, ile aliyoimbia kanisani tangu utoto, ikamtoka polepole kama uzi unaovutwa kutoka kwenye kitambaa, ikaenda kukaa ndani ya simu ya mtu, ikiimba vizuri kuliko alivyowahi kuimba, huku yeye amepanua mdomo na hakitoki hata kilio.

Alimkimbilia Rigobert na kumweleza kwa mnong'ono uliobaki.

"Haina bwalo, si kitu," alijibu yule bwana. "Sauti yako iko mu kompyuta. Ku harusi ya Samedi tunapiga playback. Weye utachezesha midomo tu."

Bijou akapanda gari la Kipushi. Alimkuta Mama Kapinga akianika mahindi.

"Weye njo ulicheka siku ile," alisema mama, akimtambua.

"Njo miye, mama. Unisamehe."

Mama Kapinga akamsogezea kiti. "Mutoto yetu Chama alianguka mu shimo ya bachimbaji, shimo banaacha wazi. Hatukumupata. Lombe akamuzika mu wimbo, akaweka jina yake juu. Sasa mumetoa jina. Shimo iko wazi tena, na shimo wazi inaita muntu."

"Nifanye nini, mama?"

"Rudisha jina. Mbele ya bantu bote. Na useme wimbo iko ya nani."

Jumamosi kulikuwa na harusi, saa tisa za mchana. Wimbo ulianza, Bijou akachezesha midomo kama mwanasesere. Pengo lilipofika, pumzi ikavutwa. Akanyakua kipaza sauti.

"Chama!" Sauti ilikuwa nyembamba kama jani. "Chama wa Lombe, wa Kipushi! Hii wimbo, baba yako njo alitunga!"

Harufu ya udongo ikaondoka. Sauti ikamrudia kooni, yenye joto, kama chai. Ukumbini bibi mmoja akaanza kulia.

Rigobert alimpokonya kipaza sauti. "Bongo! Anabadanganya! Mutunzi ni miye! Anzisha mupya!" Wimbo ukaanza upya, na pengo lilipofika, bwana yule, asiye na haya mbele ya wazima wala wafu, alijipiga kifua akatupa libanga lake mwenyewe: "Rigobert! Président!"

Safari hii ukumbi mzima uliisikia ile pumzi. Rigobert alifungua mdomo apokee shangwe, akabaki hivyo, sauti haitoki.

Leo anakaa mlangoni kwake Katuba. Ukimsalimu, anatikisa kichwa tu. Bijou anaimba, na kila akiuimba wimbo ule humtaja Chama, na Mama Kapinga hukaa mbele. Lakini ile nakala ya Rigobert bado imo katika simu za watu. Ikifika pengoni, husikika sauti ndogo ya mwanaume, kutoka chini kabisa, ikimweleza mtu asiyemsikiliza: "Notes iko saba tu... iko saba tu..."

Basi, wapendwa wangu, nawaomba mkumbuke jambo moja tu: kabla ya kuweka jina lako mahali palipo wazi, uliza kwanza ni nani aliyelazwa hapo.