Roboti Iliyomfuata Mpole

Kila masomo yalipokwisha, timu ya roboti ilikutana katika chumba cha ufundi. Mmoja alifagia, mwingine alichaji betri, naye Injinia, binti aliyeandika programu, aliiweka roboti sakafuni. Jina hilo alijipachika mwenyewe, ila kazi aliijua, tusimwonee.

Siku moja Mpole, mwanatimu mwenzao, alipoingia amejifunga mkanda wenye kifungo kipana cha chuma, roboti ikamgeukia. Hakuna aliyekuwa ameigusa. Akasogea kushoto, nayo ikasogea kushoto. Akarudi nyuma hadi ukutani. Ikamfuata polepole, krii, krii, ikasimama miguuni pake.

"Mama yangu wee!" mmoja akarukia meza. "Mbona sisi haitufuati?"

"Si ule mkanda wa marehemu baba yake!" mwingine akanong'ona. "Marehemu anamwita."

Kesho yake ikawa vilevile. Wenzake wakamhama benchi, kisha wakamwambia mwalimu wa ufundi: ama Mpole atoke kwenye timu, ama watoke wao. Na mashindano yalikuwa Jumamosi.

Injinia naye aliogopa, mpaka wingu lilipoziba jua dirishani. Roboti ikasimama. Jua likarudi, chuma cha mkanda kikamemeta, roboti ikaanza kumfuata Mpole tena. Injinia akang'amua! Ni yeye aliyeongeza kwa siri amri ya kufuata mwanga, ili siku ya mashindano asifiwe peke yake. Akisema, ataumbuka. Akinyamaza, Mpole anafukuzwa.

Mpole alikuwa ameshabeba mkoba wake, yuko mlangoni.

"Ngoja!" Injinia akapaza sauti. "Hebu ziba mkanda kwa kiganja."

Akaziba. Roboti ikatulia tuli.

"Inafuata mwanga tu. Niliibadilisha programu bila kuwaambia. Nisameheni, jamani."

Wenzake wakashusha pumzi, wengine wakacheka kwa aibu. Mpole hakucheka.

"Kwa hiyo hakuwa baba?" aliuliza. "Mimi sikuwa naogopa."

Injinia machozi yakamtoka.

Mwalimu, aliyekuwa kando akisikiliza, akamshika Mpole bega. "Hakuwa yeye, mwanangu. Ila mkanda wake unautunza vizuri mno." Kisha akawageukia wote. "Mashine imefanya ilichoambiwa. Ninyi ndio hamkuambiana, mkaishia kumwogopa mwenzenu. Timu haijengwi kwa siri. Kuanzia leo, asiyewaambia wenzake asibadilishe kitu."

Injinia akavuta kiti cha mbele ya kompyuta, kile asichokuwa akimpa mtu.

"Kaa hapa," akamwambia Mpole. "Nikuoneshe nilichoandika."