Mapipa Mawili Shambani kwa Mwanaheri

Kitanda kilikuwa kimeshafika kijitoni. Kibwana alikuwa amekibeba kichwani, miguu ya kitanda ikitazama juu, na mkononi ameshika tenga lenye kuku watatu. Mkewe, Mwanaheri, alikuja nyuma na furushi la sufuria. Hakuwa na haraka. Kila hatua chache aligeuka kutazama shamba.

"Mama Asia, ukigeuka hivyo tutafika Kisaki mwakani," Kibwana alisema.

"Tangulia. Kitanda ni chako."

"Na wewe ni wa nani?"

"Mimi ni wa hapa," Mwanaheri alijibu.

Hapo palikuwa Lukwale, kijiji kilicho juu ya Mlali, katika milima ya Uluguru. Shamba la Mwanaheri lilianzia kijitoni, likapanda mpaka ukutani mwa nyumba yake. Lilikuwa na hatua themanini, na mteremko wake ulikuwa mkali. Ukidondosha kiazi juu, unakwenda kukiokota chini. Humo walilima mahindi, maharage na kabichi.

Wiki mbili nyuma, barua ya halmashauri ilisomwa kijijini, na kila kaya ikapewa nakala. Ilisema sheria ndogo inatungwa. Mtu asilime ndani ya hatua mia moja kutoka kwenye kijito. Baraza la madiwani litaipitisha baada ya wiki tano.

Hesabu hiyo haikuhitaji shule. Shamba lote la Mwanaheri lilikuwa ndani ya hatua mia.

Kibwana alikuwa na kaka yake Kisaki. Huko ardhi ni tambarare na treni inapita. Kwake jambo lilikuwa jepesi: hapa wanatufukuza, kule tunaitwa, twende. Kwa Mwanaheri halikuwa jepesi. Kwa Waluguru ardhi hufuata ukoo wa mama. Shamba lile alipewa na mama yake, na mama yake alipewa na bibi. Binti yao, Asia, mwenye miaka kumi, ndiye angelipata baadaye. Mwanaheri akiliacha, wajomba wa ukoo watampa mwingine. Asia atabaki mgeni, Lukwale na Kisaki pia.

Walipokuwa wanavuka kijito, walikutana na mwanamke anayepanda mlima. Alivaa viatu vya mvua na kubeba daftari ndani ya mfuko wa nailoni. Alikuwa Anastasia, mtafiti wa chuo kikuu kule mjini. Kwao ni Bukoba, lakini njia za Lukwale alizijua vizuri. Kwa miaka mitatu alikuwa akija kila mwezi kutazama mapipa yake mawili.

Mapipa hayo yalichimbiwa ardhini, upande wa chini wa shamba. Juu ya pipa la kwanza, shamba lililimwa kama kawaida. Juu ya pipa la pili, Anastasia alipanda mistari mitatu ya majani marefu, imekata mteremko kwa upana. Mvua ikinyesha, maji yalishuka na tope na kuingia mapipani. Mwanaheri alichota tope hilo, akalipima kwa debe na kumwambia Anastasia. Anastasia aliandika.

"Mnahama?" Anastasia aliuliza. Alitazama kitanda.

"Unatuuliza sisi?" Kibwana alisema. "Umepima tope letu miaka mitatu. Leo tope limetushitaki. Halmashauri wanasema tunachafua maji ya mjini. Nani kawaambia, kama si wewe?"

"Baba Asia, mimi nasikia hapa hapa. Sheria gani?"

Mwanaheri alimweleza. Anastasia alikaa juu ya jiwe.

"Lakini ripoti yangu haisemi hivyo," alisema. "Inasema shamba linaweza kubaki. Mkumbuke wenyewe. Mwaka jana pipa la kwanza lilitoa madebe mangapi?"

"Arobaini na moja," Mwanaheri alijibu bila kufikiri.

"Na la majani?"

"Tisa."

"Basi. Majani yanashika udongo. Hakuna haja ya kumhamisha mtu."

"Na hiyo ripoti iko wapi?"

"Maktaba, chuoni. Nakala moja ilikwenda halmashauri."

"Kwa lugha gani?"

"Kiingereza."

"Nani ameisoma?"

Anastasia alihesabu kwa vidole. "Walimu wenzangu. Wanne. Labda watano."

Mwanaheri alicheka, lakini cheko lenyewe halikuwa zuri. "Ala! Tope nachota mimi, maneno yake unakwenda kuyafungia kabatini!"

Sasa lazima niseme jambo moja. Miaka ile ya tisini serikali ilikuwa imefungua biashara. Mchuuzi yeyote aliweza kufika Mlali na lori, akanunua kabichi kwa bei mliyopatana. Hilo watu walilipenda. Lakini wafanyakazi wa serikali walipunguzwa. Bwana shamba wa kata alipunguzwa, na pikipiki ikaondoka naye. Yeye ndiye aliyekuwa akipeleka habari za mlimani mjini na kurudi na za mjini. Baada yake, kila upande ulibaki na habari zake.

Kibwana alipandisha kitanda kichwani. "Mimi nimempa kaka ahadi. Nakwenda. Mambo yakigeuka, niiteni." Akaondoka na kuku.

Mwanaheri alitua furushi la sufuria kwa jirani aliyekuwa akimtunza Asia. Akamwambia Anastasia, "Twende wote mjini. Unionyeshe huyo anayetunga sheria."

*

Aliyetunga sheria aliitwa Eustace. Alikuwa afisa mipango wa halmashauri, mtu mwembamba, kola yake imepigwa pasi vizuri. Mwanaheri alidhani atakuta mtu mkali. Eustace aliwapa viti, kisha akaweka chupa mezani. Ndani yake mlikuwa na maji ya rangi ya chai ya maziwa.

"Haya nimeyakinga leo bombani, hapa hapa mjini, mtaa wa Mwembesongo," alisema. "Mama mmoja ameniletea mtoto anaharisha hapa hapa ofisini. Ananiambia, mnyweshe wewe. Mama yangu, nifanye nini? Nikae tu?"

Mwanaheri aliitazama chupa. Aliufahamu udongo ule. "Pole," alisema. "Hayo maji hata mbuzi hanywi."

"Lakini hatua mia umezitoa wapi?" Anastasia aliuliza.

"Nimekadiria. Nilitaka namba. Niliwaandikia ninyi chuoni barua, nikaomba ushauri. Mlijibu?"

"Tulikujibu. Tulikutumia ripoti."

Eustace alifungua droo na kutoa kitabu kinene. "Hii? Kurasa mia na kumi. Nilifika ya sita nikalala. Nilikuuliza watu wafanye nini mlimani, ukanipa mahesabu ya kuhitimia."

"Nasi tuliwaita kwenye semina. Mkaja, mkanywa chai, mkapanda gari."

"Chai yenyewe ilikuwa ya rangi!"

"Ndiyo ikakufanya ukimbie?"

Mwanaheri aligonga meza kwa vidole. "Samahani, wakubwa. Kutoka chuoni mpaka hapa ni mwendo gani?"

"Nusu saa kwa gari," Eustace alisema.

"Mimi nimeshuka mlima saa tatu kwa mguu, kisha lori. Nyie nusu saa inawashinda. Halafu anayehama ni mimi."

Eustace alirudisha kitabu drooni, taratibu.

Baadaye Anastasia alisema, "Kosa langu moja nalijua. Nilisubiri kazi ikamilike ndipo niseme. Na nilipoisema, niliisema kwa walimu wenzangu."

"La kwangu, niliandika sheria kabla sijapanda huko," Eustace alisema. "Nipe ukurasa mmoja. Kiswahili. Kinachojulikana, na kisichojulikana pia. Nitawaleta madiwani waone kabla ya kupiga kura."

"Na ukiandika sheria, niione kabla haijapigwa chapa," Anastasia alisema.

"Utaiona."

"Na mimi?" Mwanaheri aliuliza.

"Wewe, mama, utatuonyesha njia."

*

Walipanda mlimani siku ya tatu ya masika. Walikuwa madiwani sita, pamoja na Eustace na Anastasia. Kibwana naye alikuwepo. Alirudi Jumatatu, mikono mitupu. Alisema Kisaki hakuna mtu wa kumnunia.

Usiku mvua ilikuwa imenyesha. Mwanaheri alifunua pipa la kwanza. Lilikuwa limejaa tope zito, jekundu. Akafunua la pili. Tope lilifika robo tu. Diwani mmoja, mzee Kondo, aliingiza fimbo yake katika kila pipa, akaitoa na kuitazama.

"Na hii mnaniambia ni mvua moja?" aliuliza.

"Moja, mzee. Shikamoo," Mwanaheri alijibu.

"Marahaba. Kumbe unanisalimia baada ya kunitia aibu."

Watu walicheka. Anastasia alisoma ukurasa wake. Majani yapandwe katika mistari. Pembeni mwa kijito zisilimwe hatua kumi. Juu ya kila mstari, mkulima apande miti ya matunda ili mizizi ishike udongo. Akasoma pia asichokijua: majani hayo hajayapima penye mwamba ulio karibu chini ya udongo.

Eustace aliandika haraka. "Vizuri. Kila mkuu wa kaya apande miti ishirini. Asiyepanda, faini. Bwana Kibwana, tuanze na wewe."

Kibwana aliangalia vidole vya miguu yake.

"Mbona kimya?"

"Hawezi kupanda mti hapa," Mwanaheri alisema.

"Mvivu?"

"Si mvivu. Anawaogopa wajomba zangu." Alimgeukia Anastasia. "Wewe daftarini kwako umeandika hili ni shamba la nani?"

Anastasia alifungua daftari. "Shamba la Kibwana."

"Na barua ya halmashauri ilikuja kwa jina la nani?"

"Kibwana," Eustace alisema.

"Shamba ni la ukoo wangu. Kibwana ameoa hapa. Mahindi anapanda, yanavunwa, yanakwisha. Lakini mti unakaa. Akipanda mti, wajomba watasema anataka kujimilikisha. Ataitwa kikaoni kesho yake. Ndiyo maana miche uliyotuletea mwaka juzi ilikauka nyuma ya nyumba."

"Nami niliandika kwamba wakulima hawapendi miti," Anastasia alisema.

"Wanapenda sana," Kibwana alisema. "Michungwa yangu iko kwa mama yangu. Njoo uhesabu."

Eustace alikata mstari mzima alioandika. "Sasa nifanyeje?"

"Uniulize mimi, na wajomba zangu," Mwanaheri alisema. "Mti upandwe kwa jina la ukoo. Hapo hata Kibwana atachimba shimo."

"Hilo halimo katika kurasa zako mia na kumi," Eustace alimwambia Anastasia.

"Wala katika sheria yako."

Walikaa barazani kwa Mwanaheri mpaka adhuhuri. Mwanaheri aliwapikia mihogo kwa sufuria za kuazima, maana zake zilikuwa bado kwa jirani. Sheria iliandikwa upya pale pale, juu ya goti la Eustace. Alisoma kila sentensi kwa sauti, na mtu aliyeona kasoro alimsimamisha.

*

Baraza lilipitisha hatua kumi badala ya mia. Mistari ya majani ilikuwa lazima kwa kila shamba la mteremko. Miti ilipandwa baada ya kikao cha ukoo, na barua za halmashauri ziliandikwa kwa jina la mwenye ardhi. Chuo na halmashauri walikubaliana kukutana mara mbili kwa mwaka, na mkutano mmoja ufanyike mlimani. Kabla ya kila mkutano, mtafiti aliandika ukurasa mmoja wa Kiswahili.

Mwanaheri alipoteza hatua kumi za kabichi bora, zile za karibu na maji. Alinung'unika misimu miwili. Sabini zilizobaki alizilima. Kabla ya majani hakuwahi kuvuna magunia sita ya mahindi. Baada yake alivuna.

Maji ya Mwembesongo hayakuwa safi mara moja. Yalichukua miaka minne, na siku za mvua kubwa bado yalikuja na rangi.

Eustace alipunguzwa kazini mwaka uliofuata. Alifungua duka la vifaa vya shule. Aliyepokea kazi yake alikuta makubaliano yamo ndani ya faili, akayafuata.

Anastasia alihamishiwa mkoa mwingine. Aliacha daftari chuoni, na katika ukurasa wa kwanza alikuwa amefuta jina la Kibwana na kuandika la Mwanaheri.

Mzee Kondo alishindwa uchaguzi. Fimbo yake haikuoshwa tope lile.

Kibwana alichimba mashimo ishirini, mbele ya wajomba wawili waliokaa wakitazama. Michungwa kumi na saba ilishika.

Asia ameolewa na ana watoto watatu wa kike. Analima pale pale. Pipa moja limetoboka, la pili analitumia kuhifadhia maji.

Kitanda kilibaki Kisaki. Kaka yake Kibwana anakilalia.