Miiba Chini ya Meza ya Wifi

Sogeeni jirani zangu, na mwenye chungu jikoni apunguze moto kwanza, maana hii si ya kusikilizwa nusu.

Mtaani kwetu kuna karakana ya samani za chuma ya mume na mke, mlango wake ukitazama barabara. Asubuhi ilikuwa raha kupita pale. Mume anazungusha tepu, kile chuma kinachokata hesi ndani ya tundu ili skrubu ipate pa kushika, na mke yuko kwenye jiliwa ya pili, kile kibano cha mezani kinachoshika chuma kisicheze. Redio inaimba, wapita njia wanavuta viti, habari za watu zinapikwa hadi zinaiva.

Sasa, yule mama ana mikono. Kabla tundu halijakatwa hesi, huupanua mdomo wake kidogo kwa keekee nene, upande wa kuingilia na upande wa kutokea, ili tepu isiinue ukingo. Mumewe akizungusha, yeye humwambia, "Tia mafuta, baba. Sasa rudisha nyuma kidogo, chenga za chuma zikatike." Chuma kilichopita kwake ungeweza kukipangusia shavu la mtoto mchanga.

Kilichoichafua nyumba ile ni sifa. Wateja walimsifu mume kwa wepesi wake mpaka akapewa jina la Chapuchapu, na jina likamlevya. Siku moja, baraza limejaa, akamwambia mkewe, "Mama, wewe unakibembeleza chuma kama unakilaza usingizi. Nani atainama kuchungulia chini ya meza?"

Watu wakacheka. Mke akafuta mikono polepole. "Haya, baba. Ukinihitaji utaniita."

Hakuitwa.

Dada yake Chapuchapu ni mshonaji, na alikuwa ameagiza meza mpya yenye fremu ya chuma. Chapuchapu akakata hesi zake zote kwa tepu butu, mafuta hakuna, akasukuma tu. Upande wa chini, kila tundu likaota ukingo wa vijimiiba. Akavipiga rangi, vikang'aa.

Kazi ya kwanza juu ya meza ile ilikuwa gauni la bibi harusi, na harusi ni kesho yake. Kitambaa kikateleza magotini kwa mshonaji, kikanasa chini ya meza. Akavuta. Kikapasuka kiunoni, na kidole alichokipeleka kupapasa kikarudi na damu.

Alifika karakana na gauni begani, nusu ya mtaa nyuma yake. Ugomvi wa mawifi hauhitaji kadi ya mwaliko.

"Wifi," akamwambia mke, "kusafisha matundu si kazi yako? Huyu bibi harusi akinitangaza mjini, nani ataniletea gauni tena?"

Tukasogea tusikose neno. Mke alikuwa na la kusema, na mashahidi tulikuwa wengi. Lakini akamshika wifi yake mkono. "Kidole kwanza. Kimechanika sana?"

Hapo mume akaweka tepu chini. "Dada, si yeye. Nilimdharau mbele za watu, basi na mbele za watu niseme. Kazi ile niliifanya peke yangu, vibaya."

"Kumbe unajua kusema polepole," dada akamjibu.

Meza ikaletwa, ikapinduliwa. Mke akapanua midomo ya matundu kwa keekee ya mkono, akapitisha tepu kali yenye mafuta, akasugua chenga kwa brashi. Kisha akaomba kipande cha kitambaa kilekile cha gauni, akakiburuta juu ya kila tundu. Hakikunasa hata uzi. Watu waliokuja kuona vita wakabaki kutazama vidole kama wanaotazama mpira wa penalti.

Mshonaji akarudi mashineni, akauziba mpasuko kwa mkanda mpana wa lesi, na bibi harusi akaelezwa ukweli wote. Akajigeuza kiooni, akasema mkanda ubaki.

Chapuchapu naye akapita nyumba kwa nyumba akikusanya kila alichouza bila mkewe. Ukimuuliza haraka zake ziko wapi, anakujibu, "Ziko kwenye matengenezo. Fundi ni mama."

Funzo

Rangi huficha mwiba, haiung'oi. Anayekata hesi aupanue mdomo wa tundu pande zote mbili, atumie tepu kali na mafuta, arudishe nyuma chenga zikatike, kisha apime kwa kitambaa kabla hajamkabidhi mtu. Na anayekumalizia kazi nyumbani mwako, usimfanye kichekesho cha baraza. Sisi wa barazani tunakusifu, halafu tunakwenda kula kwetu. Anayebaki na wewe ni yeye.